Bezili za wifi ziligeuka njano na sote tukadhani ni njaa ya mbolea

Wifi yangu anakaa Kigamboni, nyumba yake ina kiwanja kidogo kwa nyuma kati ya ukuta wa nyumba na fensi ya matofali, upana wake hatua sita hivi, na hapo ndipo alipopanga bezili zake ndoo 22. Ndoo zenyewe ni zile za rangi za lita 20, kazikata nusu na kuzitoboa chini, udongo kachanganya na mchanga na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mbegu alinunua ya pakiti, ile bezili ya majani mapana yaliyobinuka kama kijiko ambayo watu wa pizza na pasta wanaitaka, siyo rehani yetu ya majani membamba. Mteja wake ni mwenye kimgahawa kimoja huko huko, anachukua mafungu mara mbili kwa wiki. Alisia mwanzoni mwa Machi, miche akaihamishia kwenye ndoo Aprili katikati ya mvua, na mpaka Mei inaisha zilikuwa zimenona, ukipita tu na kanga ikagusa majani unatembea na harufu mpaka jikoni.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu tulipoteza karibu wiki tatu tukitibu kitu ambacho hakikuwepo, na katika wiki hizo tatu kila tulichofanya kwa nia njema kilikuwa kinaulisha ugonjwa. Na watu wengi wa pwani wanaootesha bezili nyumbani naona wanapita njia hii hii, mwisho wanasema "hii mboga ya Wazungu haikubali joto letu", wakati joto halina kosa lolote hapa.

Tarehe za mwanzo za Juni akanipigia, "Wifi, bezili zangu zinapauka." Nikamwambia nitumie picha, akatuma kama nne, zote kapiga kwa juu amesimama. Kwenye picha nikaona majani ya chini yamekuwa ya njano njano, ya juu bado mabichi. Nikamwambia hiyo ni nitrojeni, na wala sikubahatisha, nilikuwa na sababu: mimea ipo kwenye ndoo, masika yote mvua imepiga na kupita chini kwenye matundu, chakula kimesombwa, na mmea ukikosa nitrojeni unaanza kunyonya majani ya chini kulisha ya juu. Kila neno hapo ni sahihi isipokuwa halikuwa tatizo la ndoo zile. Akaweka urea kidogo kwenye maji, na juu ya udongo akatandaza samadi ya kuku ya zamani.

Siku tano sita baadae zikachipua kweli, majani mapya makubwa, laini, yamebanana mpaka ndoo na ndoo hazionekani zinapoachana. Tukafurahi. Ila ile njano haikurudi nyuma, ikaongezeka, tena ikapanda kwenye majani ya katikati.

Wiki ya pili tukasema basi ni wadudu. Akatafuta vidukari hakuona, nzi weupe wawili watatu, utitiri hatukuwa na uhakika maana ule mdogo sana. Akatwanga majani ya mwarobaini, akaloweka usiku kucha, akachuja akatia sabuni kidogo, akapuliza. Na alipuliza jioni, saa kumi na mbili jua linazama, kwa sababu kila mtu atakwambia usipulize mchana majani yataungua. Siku tatu mfululizo. Na kumwagilia pia alikuwa anamwagilia jioni akitoka kazini, na mpira, kwa juu, maji yanapiga majani yote. Kumbuka haya ya jioni, nitayarudia.

Wiki ya tatu akaenda duka la pembejeo na jani mkononi. Muuzaji akaliangalia juu juu akamwambia ni ukungu, akampa pakiti ya dawa ya unga ya ukungu. Hapo kwa neno "ukungu" yule kaka alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi, hilo namshukuru. Lakini wifi alipofika nyumbani tukasoma lebo pamoja kwenye simu, imeandikwa nyanya, viazi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, bezili wala mboga yoyote inayoliwa mbichi haikutajwa. Na yeye anavuna Jumatatu na Alhamisi, watu wanakula mbichi juu ya pizza. Nikamwambia wifi usiifungue hiyo. Akairudisha kabatini juu, mbali na watoto. Ningemshauri hivyo hivyo leo.

Sasa Jumamosi moja nikalala kwake. Jirani yake ni bibi mmoja wa Unguja, mtu mzima, kwenye ukuta wake upande wa pili wa fensi ana mstari wa rehani, ile ya kwetu, anaiotesha kwenye makopo ya maziwa na madebe. Alfajiri baada ya swala nikamkuta anachuma, kulikuwa na shughuli ya harusi na yeye ndiye wanayemtegemea kwa vikuba, asumini anakuwa nazo na rehani za kusuka humo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo. Hizo za wifi yako zina nini? Mimi na yeye maji ni ya kisima kimoja, zangu mbona hazina neno?"

Swali lake lilinisimamisha. Kisima kimoja, upepo mmoja, umande mmoja, fensi tu katikati. Akaingia upande wetu, akainama, akashika jani moja la njano akaligeuza, akasema, "Huku chini kuna vumbi."

Nikadhani ni udongo, mpira wa maji unarusha matope chini ya majani. Nikapitisha kidole. Udongo haukai vile. Kidoleni palibaki doa la kijivu kilichoiva, kama mtu aliyeshika masizi ya chungu lakini lina uzambarau kwa mbali. Nikachukua tishu nyeupe nikabonyeza sehemu nyingine, alama ikatoka ile ile. Nikawasha tochi ya simu nikaikaribisha kamera, na hapo nikaona vizuri: manyoya mafupi yamesimama, yamejaa kwenye vile vijisehemu vya njano tu, yakifika kwenye mshipa wa jani yanaishia hapo kama yamepigiwa mstari na rula. Nikageuza jani la kijani kabisa la ndoo iliyo pembeni yake hapo kwa wifi, ambalo kwa juu ungeapa ni zima, chini lina kijivu kidogo tayari. Nikaenda ndoo baada ya ndoo. Kati ya 22, ndoo 17 zilikuwa nayo.

Saa nne asubuhi nikamwita wifi nimuonyeshe tena, sehemu nyingi ule unyoya ulikuwa umelala na kupukutika, inabidi utafute. Hii ndiyo sababu hatukuuona wiki tatu. Tulikuwa tunazikagua mchana na jioni, tena kwa juu.

Ugonjwa huu wataalamu wetu wanauita ubwiri vinyoya, wa bezili una kijidudu chake chenyewe kinaitwa Peronospora belbahrii. Usiuchanganye na ubwiri unga ambao ni mweupe na unakaa juu ya jani kama umepakwa unga wa ngano. Na ingawa tunasema ukungu, hiki siyo ukungu halisi, kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani kuliko na ukungu wa mkate, na unalielewa hilo ukiona kinavyopenda maji. Usiku, kukiwa na giza refu na hewa imejaa unyevu, kinatoa vishina kupitia vile vitundu vya kupumulia chini ya jani na kwenye vishina hivyo kinabeba mbegu zake, ndio ule unyoya. Asubuhi jua likipanda na hewa ikikauka, mbegu zinaachia na kupeperuka. Zikiangukia jani lililolowa zinaota na kuingia ndani. Baada ya hapo kinakaa kimya siku kadhaa, kinakula ndani kwa ndani, na jani linapauka kwenye kile kijisehemu kilichozungukwa na mishipa kwa sababu mishipa inakizuia kusambaa. Unapoona njano kwa juu, chini keshazaa tayari.

Halafu kuna jambo moja ambalo lilinigusa sana nilipolisoma. Watu wanauongelea kama ugonjwa mpya uliotoka Ulaya, kwa sababu Uswisi uliripotiwa 2001, Italia 2003, Florida kule Marekani 2007 na baada ya hapo ukasambaa majimbo mengi mno, na jina lake rasmi la kisayansi lilipewa 2009. Lakini taarifa ya kwanza kabisa ya ubwiri vinyoya kwenye bezili imeandikwa Uganda, mwaka 1933. Huku kwetu. Kwa hiyo siyo mgeni katika ukanda huu, na mtu akikwambia bezili inapauka kwa sababu haijazoea Afrika, sivyo.

Umeingiaje uani kwa wifi? Njia ni mbili, upepo au mbegu ya pakiti, maana huu unasafiri hata ndani ya mbegu na kwa macho huwezi kujua. Mimi nahisi ni mbegu kwa sababu sijui mtu mwingine mwenye bezili ile mtaani kwao, ila siwezi kula kiapo.

Kwa nini ulishamiri, hilo ndilo naweza kulieleza bila wasiwasi. Juni ndio kipupwe kinaingia, Dar usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 20, na hilo ndilo joto ambalo kijidudu hiki kinalipenda. Umande unaanguka. Uwanja wenyewe umebanwa na kuta mbili, hewa haipiti, jua linafika ndoo za nyuma saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo majani yanabaki na maji saa nyingi. Juu ya hapo sisi tunamwagilia jioni kwa juu. Juu ya hapo tunapuliza mwarobaini na sabuni jioni, siku tatu mfululizo. Na urea imetoa majani laini yaliyobanana mpaka hakuna upepo unaopenya katikati. Ungetaka kuuotesha ubwiri kwa makusudi ungefanya hivyo hivyo.

Na zile ndoo tano ambazo hazikuwa nayo? Hapa nilikaa sana. Tatu zilikuwa mwisho wa mstari kwenye kona ya geti, upepo wa kusi unapiga pale moja kwa moja na jua linafika mapema. Sawa, hizo zinaeleweka. Lakini mbili zilikuwa katikati kabisa, zimezungukwa na wagonjwa. Tukatafuta tofauti ya udongo, hakuna. Siku ile usiku ndio tukajua: juu yake kuna taa ya ulinzi, balbu inawaka toka magharibi mpaka asubuhi. Kijidudu hiki bila giza hakizai vizuri, watafiti wa Israeli wameonyesha kwamba mwanga wa usiku unakizuia kutoa mbegu, hasa mwanga mwekundu, na wapo wanaotumia taa hivyo kwenye nyumba za vioo. Taa ya wifi iliwekwa kwa ajili ya wezi. Ndoo mbili hazitoshi kuthibitisha kitu, lakini nilizipenda sana zile ndoo.

Kabla sijaendelea niseme tulivyojihakikishia, maana bezili ina njano za aina nyingi. Nitrojeni ikipungua jani la chini linapauka lote sawasawa, halina viboksi, na chini ni safi. Madini ya chuma yakikosekana, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi kama ule wa matumbawe pwani, majani machanga ya juu ndiyo yanapauka na mishipa inabaki kijani. Mnyauko fuzari unauangusha mmea, unalegea upande mmoja hata kama udongo una maji, ukipasua shina unakuta michirizi ya kahawia ndani. Tulipasua mashina mawili yalikuwa meupe. Na kama una shaka na jani, lifunge kwenye mfuko wa nailoni na tishu iliyoloweshwa, liweke kabatini kwenye giza na ubaridi usiku mmoja. Tuliyafunga matatu. Asubuhi yote matatu yalikuwa na koti la kijivu.

Basi tukafanya hivi. Jumapili ile ile mchana, majani yakiwa makavu na upepo umetulia kidogo, ndoo tisa zilizoharibika sana tukazikata mashina chini kabisa na kuyafunga kwenye viroba palepale, tukavianika juani siku mbili kabla ya kutupa. Hatukuyatia kwenye shimo la mboji. Wifi aliumia, mimi pia, kulikuwa na mafungu ya wiki mbili pale. Nane zilizobaki na ugonjwa tukatoa kila jani lenye doa hata moja, tukapogoa ya ndani ili mwanga upite, zikabaki kama zimenyolewa. Jani zima kutoka kwenye mmea mgonjwa linalika, ugonjwa huu haumdhuru mtu, ila ukishavuna yanageuka meusi haraka kwa hiyo mteja hatukumpelekea, tulimwambia ukweli akaelewa.

Ndoo 13 zilizobaki tukazitawanya, hatua moja kati ya ndoo na ndoo, nyingine zikapanda juu ya matofali kwenye geti. Kumwagilia kukahamia asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kopo kwa kopo kwenye udongo, jani haliguswi. Ni kazi zaidi, dakika 20 badala ya tano, na wifi ana watoto wa shule wa kuwaandaa, kwa hiyo mtoto wake mkubwa ndiye aliyechukua jukumu na anastahili pongezi. Urea basi, mwarobaini basi.

Wiki mbili za kwanza kila asubuhi walikuwa wanatoa majani mawili matatu kila ndoo. Ya tatu yakapungua. Kufika katikati ya Julai ndoo tatu kati ya zile nane zilishindwa zikatolewa, tano zikapona vya kutosha kuvuna, na tano za mwanzo zilizokuwa salama zimebaki salama, pamoja na zile za chini ya taa. Kumi kati ya 22. Ningependa kuandika namba nzuri kuliko hiyo lakini ndiyo yenyewe, na kama tungegeuza jani siku ile ya simu ya kwanza naamini zingebaki nyingi zaidi.

Nirudi kwa bibi, maana swali lake bado lilikuwa kichwani. Rehani yake nimeikagua mara tatu alfajiri, jani kwa jani, safi. Nikaanza kusoma na nikakuta kitu ambacho nilimsomea mwenyewe barazani. Chuo Kikuu cha Rutgers kule New Jersey, walipokuwa wanatafuta bezili inayostahimili huu ugonjwa, shida yao ilikuwa kwamba jamaa wengi wa bezili wenye ukinzani ukiwachavusha na bezili tamu, ile ya pizza, hawazai, mbegu zinatoka tasa. Moja waliyoipata yenye ukinzani na inayokubali kuzaa na bezili tamu inaitwa Mrihani, kwa jina hilo hilo la Kiswahili, asili yake Zanzibar. Kwenye kazi hiyo ndiko zikatoka aina zao zilizotolewa 2018, Rutgers Devotion, Obsession, Passion na Thunderstruck. Bibi akauliza, "Mrihani wa Unguja?" Nikamwambia ndio bibi, wa Unguja. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mama yangu alikuwa akiupanda mlangoni."

Simaanishi kila rehani ya pwani ina ukinzani, zipo nyingi na zinatofautiana, harufu tu zinakwambia, na kivumbasi cha porini nacho ni kitu kingine. Lakini ile ya kwenye makopo ya bibi imepita kipupwe kizima hatua mbili kutoka kwenye ndoo 17 za wagonjwa. Akatupa mbegu, mashuke makavu yaliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Wifi kasia ndoo sita. Mteja wa pizza alionja akasema ladha yake inaelekea kwenye shamari, haimfai kwa sosi yake ila anaitaka kwenye saladi ya nyanya na kwenye samaki, anachukua mafungu mawili kwa wiki.

Kwa bezili ya majani mapana amekata vipande kutoka zile mbili za chini ya taa, kavitia kwenye glasi ya maji dirishani, siku nane vikawa na mizizi. Vipo peke yake barazani, mbali na wengine, mpaka tujiridhishe. Pakiti mpya ya mbegu nayo ameisia kwenye beseni pembeni, na miche ikifikia majani manne anaifunika na nailoni usiku mmoja kama tulivyofanya na yale majani, asubuhi anageuza.

Simu yangu sasa kila Jumatatu saa moja kasoro inaingia picha, zote zimepigwa kwa chini. Ya wiki hii ilikuwa ya jani moja limeshikwa na vidole vya mtoto, mgongo wake kijani mpauko, tone moja la umande pembeni, hakuna kingine.